Mama Alipochukua Likizo

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijiji vya kando ya Songwa, likizo ilikuwa mali ya mgodi. Waliokaa ndani ya uzio wa almasi ndio walioipata, pamoja na maji ya bomba na taa za umeme. Sisi wa nje ya uzio tulikuwa na jembe, na jembe halikuwa na likizo. Nalisema hili mapema kwa sababu najua vijana watakaosoma hapa watadhani nataka kusimulia njaa. Sisimulii njaa. Tulikula, tulicheza, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulichokosa ni ruhusa ya kukaa tu.

Kukaa tu kulihitaji maelezo. Ukimkuta mzee kakaa, mkononi ana kamba anasokota. Ukimkuta bibi kakaa, mapajani ana ungo wa choroko anapepeta. Mwanamke aliyeonekana amelala mchana alikuwa na moja kati ya mawili: ni mgonjwa, au kafiwa. Hata sisi watoto tulijua kwamba kombolela ni ya jioni, baada ya ndama kufungwa na madumu kujaa. Shuleni tulikwenda na jembe siku ya shamba, na dumu siku ya bustani, na fagio siku nyingine zote, mwalimu akikagua hayo kabla hajauliza habari ya madaftari. Mfukoni tulitia michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikakauka mpaka vinalia mdomoni kama kokoto. Mdogo wangu Masanja alitafuna michembe tangu nyumbani hadi shuleni na kurudi. Nikiwaona watoto wa siku hizi wanakataa chipsi kwa sababu zimepoa, huwa nacheka peke yangu.

Kijiji chetu kililima kwa zamu. Leo shamba lako, kesho langu, ngoma mbele, majembe nyuma, na wimbo wa kuyapandisha na kuyashusha. Kiongozi wa kikundi, nsumba ntale kwa Kisukuma, alikuwa mtu mmoja mrefu aitwaye Ng'wana Shija, aliyevaa koti zito la jeshi juani na hakuwahi kuonekana akitoka jasho. Simsemi vibaya. Alikuwa mtu wa haki, na mashamba ya wajane aliyalima kwanza. Lakini sheria yake ilikuwa kavu. Ukikosa zamu bila ugonjwa wala msiba, unatozwa mbuzi, na kabla mbuzi huyo hajaliwa unapiga magoti mbele ya kikundi na kutamka, "Nimekosa." Usipotamka, hupewi moto.

Vijana wanauliza, moto gani tena? Wanangu, miaka ile viberiti viliadimika madukani. Kila nyumba ilitunza kaa jekundu ndani ya majivu, na likizimika unachukua kigae, unakimbia kwa jirani, anakupa lake. Asubuhi zetu zilinuka moshi wa vigae hivyo vinavyopita njiani mikononi mwa watoto. Kunyimwa moto kulikuwa ni kuambiwa hapa hatukujui.

Mama yangu, Mama Kabula, kwa maana Kabula ni mimi, nilizaliwa siku ya mvua, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka. Baba alifanya kazi mgodini, gereji, kazi ya kupaka mashine grisi, na alirudi nyumbani kila Jumamosi kwa baiskeli. Mara moja kwa mwaka alipewa likizo yake, nayo aliichukulia kwenye kigoda mlangoni kwetu, redio mapajani. Sisi tulijivunia. Baba za wenzetu hawakuwa na likizo.

Mwaka mmoja likizo ya Baba iliangukia kwenye palizi ya pamba. Mama alitoka shambani saa za mchana, udongo hadi magotini, akamkuta Baba anasikiliza taarab. Akatua jembe.

"Baba Kabula, hii likizo wanakupa ya nini?"

"Ya kupumzika. Mtu akifanya kazi mwaka mzima anachoka."

"Na mimi mwaka mzima nafanya nini?"

Baba akaongeza sauti ya redio.

Mama hakugomba. Alikwenda na swali lile kisimani, akasaga nalo, akapalilia nalo. Kisha jioni moja, tunakula ugali wa mtama na mlenda, akasema kama mtu anayeagiza chumvi, "Alhamisi nakwenda likizo. Nakwenda Mwanza na wanangu kukaa ziwani."

"Alhamisi si zamu ya kwa Ng'wana Shija?" Baba akauliza.

"Ndiyo."

"Basi ngoja Jumapili."

"Jumapili nakwenda kanisani, nikirudi nachota maji, nasaga, nafua. Na kupumzika siku isiyo na kazi si likizo, Baba Kabula. Wewe wanapokupa likizo, mgodi huwa umefungwa?"

Baba alitafuna tonge lile muda mrefu sana.

Wala hakutoroka. Siku moja kabla, Mama alitushika mikono akatupeleka hadi kwa Ng'wana Shija, akamwamkia, akamwambia, "Kesho sitakuja kwenye zamu yako. Siumwi, sijafiwa. Nakwenda kupumzika."

Ng'wana Shija alimtazama kana kwamba kasema anakwenda kuiba. "Ajizi nyumba ya njaa, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Nafahamu. Ndiyo maana naichukua siku moja tu."

Mke wa Ng'wana Shija, Mama Limi, alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nakumbuka mikono yake ilisimama.

Tulipanda treni stesheni ya Songwa kabla hakujapambazuka, daraja la tatu, kati ya magunia ya mchele na kuku waliofungwa miguu. Seke, Malampaka, Bukwimba. Kila stesheni wanawake walikimbilia madirishani na karanga za kuchemsha na viazi, na kila stesheni Masanja alidai tumeshafika. Kisha yakaanza mawe ya Mwanza, yale mawe makubwa yaliyopandana juu ya vilima na nyumba zikaota katikati yake, na nyuma ya mawe tukaona maji.

Lazima mwelewe sisi tulitoka wapi. Kwetu, kiangazi, maji tuliyafukua kwenye mchanga wa mto mkavu, kata baada ya kata, na mama mmoja alilinda shimo lake tangu alfajiri. Masanja alisimama ufukweni mdomo wazi, akauliza, "Mama, haya ni ya nani?"

"Ya leo ni yetu," Mama akasema, akakaa mchangani.

Mji ulikuwa unachemka. Meli ya Bukoba ilikuwa imetia nanga na mikungu ya ndizi ilishuka mabegani mwa wachukuzi, wakipiga kelele watu wapishe njia. Wanawake walikaanga sato kwenye makarai, mafuta yakiruka, harufu ikatufuata kila tulikokimbilia. Mitumbwi iliingia, wachuuzi wakaivamia wakigombea dagaa. Kipofu mmoja alipiga zeze kwa ustadi hata wauza samaki wakawa wanakata vichwa vya samaki kwa mapigo yake. Mijusi yenye vichwa vyekundu iliota jua juu ya mawe ikipiga pushapu. Sisi tuliingia majini hadi kiunoni, tukatoka, tukaingia tena, tukala samaki kwa vidole vyenye mchanga.

Na Mama? Mama alifungua kilemba, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa, akalala. Mchana kweupe, katikati ya mji, watu wakipita.

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Nilikaa karibu naye nikimtandia kanga ili adhaniwe mgonjwa. Muuza ndizi mmoja akasimama. "Mtoto, mama yako anaumwa?" Kabla sijajibu, Mama akasema bila kufumbua macho, "Siumwi, ndugu yangu. Nipo likizo." Yule bwana akacheka, akatuachia ndizi mbili, akaenda zake. Mama aliamka jua limegeuka, uso wake una alama za mikunjo ya kilemba, na ulikuwa uso wa msichana. Sikuwa nimewahi kuuona. Alikaa akitazama maji hadi treni ilipokaribia kuondoka, hakusokota kamba, hakupepeta kitu.

Tuliporudi, moto ulikuwa umezimika kwetu. Nilichukua kigae nikaenda kwa jirani, akaniambia kwa upole, bila kunitazama, "Rudi nyumbani, Kabula." Nikaenda kwa wa pili. Huyo alifunga mlango.

Tuliishi kwa maziwa mgando na michembe iliyolowekwa. Jumamosi Baba alileta kiberiti cha mgodini, kwa hiyo chakula kiliiva, lakini ugali wenyewe ulilika kimya. Kisimani hakuna aliyemsaidia Mama kujitwisha ndoo. Alichuchumaa, akaipandisha gotini, kisha begani, kisha kichwani, maji yakimwagikia mgongoni, na wanawake waliokuwa wakimtwisha miaka yote wakatazama pembeni. Kombolela ikachezwa sisi tukiisikia tu. Masanja alilia. Mimi, nasema kweli, nilimchukia Mama kidogo.

Baba alimbembeleza. "Mbuzi yupo. Kalipe, useme nimekosa, yaishe. Ni neno moja tu."

"Kama ni moja tu, basi wao ndio wanisamehe hilo moja."

"Mama Kabula, watoto wanateseka."

Hapo niliona neno limempata. Mama hakuwa jiwe. Alikaa jikoni, mikono mapajani, akamjibu Baba polepole. "Nikisema nimekosa, huyu Kabula atakua akijua kupumzika ni kosa. Faini nitalipa, kwa sababu sheria ni ya wote na zamu niliikosa kweli. Lakini neno hilo sitalisema."

Siku ya zamu iliyofuata alimvuta mbuzi kwa kamba hadi shambani, sisi nyuma yake. Kikundi kilikuwa kimekaa kivulini kikinywa togwa. Ng'wana Shija akasimama, koti lake hadi magotini. "Piga magoti, mayu."

"Mbuzi huyu hapa," Mama akasema. "Ni halali yenu. Magoti sipigi."

Minong'ono ikapita. Mama akaendelea. "Lakini nami nina swali la sheria. Faini hupikwa na nani?"

"Na aliyekosa zamu," Ng'wana Shija akajibu, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Na huliwa wapi?"

"Pale anapoipika."

"Basi mimi nitaipikia Mwanza, ufukweni. Anayetaka nyama yake atanikuta huko Alhamisi."

Watu walicheka kwa kudhani ni matani. Wanaume wakasema mwanamke huyu kapagawa. Mmoja akashauri afukuziwe mbali. Ng'wana Shija aliinua mkono wakanyamaza, na nilimwona anatafuta mdomoni sheria ya kumkatalia asiipate. Hapo ndipo Mama Limi, mkewe mwenyewe, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mbele ya kikundi, akauliza kutoka upande wa wanawake, "Treni inapita saa ngapi?"

Nawaambieni ndugu zangu, Alhamisi ile stesheni ya Songwa ilijaa. Wanawake waliuza kuku, waliuza karanga wapate nauli, wengine sijui waliwaambia nini waume zao. Mbuzi alipanda daraja la tatu kama sisi. Ng'wana Shija alikuja pia, kwani faini hailiwi bila nsumba ntale kugawa. Ngoma ililetwa kwa mazoea tu, kikundi hakikujua kusafiri bila ngoma.

Sufuria tuliazima kwa mama lishe wa ufukweni, na moto alitoa muuza samaki bila kuuliza sisi ni nani. Nyama ikichemka, wanawake walisimama wamekusanyika wakiwa hawajui mikono yao waipeleke wapi. Wengine walianza kufagia mchanga. Mama akawaambia, "Kaeni." Wakakaa mmoja mmoja, kwa woga. Mama Limi alikwenda peke yake hadi kwenye maji, akaingiza miguu, akabaki hapo mpaka jioni, nyama yake akapelekewa. Baadaye mmoja akaanzisha wimbo wa palizi, wakauimba wote, lakini polepole, maana hapakuwa na jembe la kuufuata, na watu wa Mwanza wakasimama kusikiliza.

Ng'wana Shija aligawa nyama kwa haki, kisha akala fungu lake amesimama, kaligeuzia ziwa mgongo. Hakugeuka hata mara moja. Nadhani alitaka asije mtu akasema naye alipumzika.

Kesho yake Mama Limi alikuja kwetu na kigae chenye kaa la moto. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja," ndiyo asante ya kwetu. Ikawa imekwisha. Ila msidhani kijiji kiligeuka. Mama alibandikwa jina la Mama Likizo, na halikuwa la sifa. Wazee waliwaonya nalo binti zao. Mama hakujali. Kila mwaka alichagua siku yenye zamu, akapeleka mbuzi wake mapema kabisa, akapanda treni. Baadhi ya wanawake walimfuata mwaka wa pili, wachache zaidi wa tatu. Mama Limi hakuonekana tena. Tuliambiwa ana kazi nyingi.

Leo mimi nina duka la vitenge hapa Kahama, Nyasubi, na naona mambo. Barabara ya Mwanza ni lami, mabasi yanapishana kutwa. Moto unawaka kwa kuzungusha kitufe. Wanangu wakitaka kwenda ziwani hawamwambii mtu, wanasema tu, "Mama, tunakwenda kula bata," wanaondoka na miwani ya jua. Niliwahi kwenda nao. Walilitazama ziwa kupitia simu, wakapiga picha wameligeuzia mgongo kama Ng'wana Shija, wakabishana nani katoka vibaya, wakarudi wamechoka zaidi ya wachimba dhahabu wa Katoro. Nawapenda, lakini nawacheka. Na si wao tu. Rafiki zangu wa sokoni hakuna anayewatoza mbuzi wakifunga siku moja, na bado hawafungi, wanaugulia kwenye viti vya plastiki na kujisifu kwamba tangu mwaka uanze hawajakaa. Nikifunga mimi, huuliza nimefiwa na nani.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilifiwa kweli. Mama alizimika nyumbani kwangu, mzee, bila maumivu makubwa, tukampeleka kijijini kumzika kando ya Baba. Watu walijaa. Aliyepewa kipaza sauti kumzungumzia marehemu alikuwa kijana mwenye suti nzuri, hakumjua, akasema yale yanayosemwa kwa wote. "Mama huyu alikuwa mchapakazi. Maisha yake yote hakujua kupumzika. Leo ndipo amepata kupumzika." Watu wakaitikia amina.

Kwetu mfiwa hakatizi msemaji. Masanja, sasa ana mvi, alinishika kitenge. Nikasimama.

"Mama yangu alijua kupumzika," nikasema. "Alipumzika akiwa hai, macho yake yakiona, na alilipa mbuzi kila mwaka kwa ajili hiyo. Msimpe leo kama zawadi kitu alichojipatia mwenyewe."

Yule kijana akashusha kipaza sauti. Nilijua nimevunja heshima ya msiba, na kusema kweli sikujuta wala sijuti. Ndipo kwenye mkeka wa vikongwe sauti nyembamba ikasema, "Ni kweli. Nilikuwepo." Alikuwa Mama Limi, amebaki mifupa na macho, kashikiliwa na wajukuu wawili. "Mimi nilikwenda mara moja. Siku yangu ikifika, msije mkasema na mimi sikujua kupumzika. Nilijua. Nilikatazwa."

Hakuna aliyeitikia amina. Enzi zile tulikuwa na ngoma, na zamu, na jirani wa kukutwisha ndoo, na navikumbuka vyote kwa uchungu kwa sababu havipo tena. Lakini sitawadanganya kwamba vyote vilikuwa vitamu, wakati yule mama ameketi pale mbele yangu.

Matanga yalipoanuliwa nilikodi gari, nikaenda kumchukua. Ilikuwa Alhamisi, mtama unasubiri kupurwa uani. Wajukuu zake walisimama mlangoni wakanizuia kwa adabu zote. "Shangazi, njia ni ndefu. Bibi atachoka."

Mama Limi alikuwa ameshavaa. Akawasukuma kwa fimbo yake, akapita. "Nimechoka tangu mama zenu hawajazaliwa," akasema. "Nifungulieni mlango wa gari."